Msemaji wa Fundi Mbaruku

Jamhuri ya Stahamala haipo, kwa hiyo msomaji asisumbuke kuitafuta kwenye ramani, wala asijiulize kwa nini anaifahamu mitaa yake. Ni nchi tulivu. Serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi, na ndiyo maana haiwaachi wajisemee, kwa kuwa kusema kunachosha. Kijana wa huko hajiposei mwenyewe. Huenda mshenga, naye kijana hukaa kando na kofia yake safi akiwasikiliza wakubwa wakimsifia tabia asizokuwa nazo. Siku moja Bunge lilikuwa na ajenda fupi na chakula cha mchana kirefu, na waheshimiwa wakaona desturi nzuri kama hiyo ni hasara kuachiwa maharusi peke yao. Wakaiingiza kwenye Sheria ya Mawasiliano. Tangu hapo mteja yeyote mwenye neno na shirika la mtandao sharti asemewe na msemaji wake, na yeye mwenyewe anyamaze. Akifungua mdomo, shauri lake hufutwa kwa utovu wa adabu.

Sheria hiyo haikumkera Mbaruku Faki. Alikuwa fundi wa makochi, na fundi wa makochi hushinda na misumari mdomoni, hivyo hakuzoea kusema. Mkewe, Bi Asya, alipokuwa hai ndiye aliyesema kwa wawili. Alipofariki, nyumba ilibaki na mlio wa nyundo, na kila Jumapili sauti ya binti yao wa pekee, Zawena, aliyekuwa muuguzi katika nchi moja ya baridi. Alimpigia baba yake simu ya picha kupitia kisanduku cha Shirika la Mawimbi ya Taifa.

Picha iliganda. Tuseme kweli kwa heshima zote: iliganda sana. Zawena alianza kucheka, uso ukakwama meno nje, na baba yake akangoja kicheko kiwasili. Mara nyingine kiliwasili wakati yeye keshaanza kueleza habari za msiba. Hata hivyo Mbaruku hakulalamika. Yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa Mawimbi mtaani, na ndiye aliyepita nyumba hadi nyumba kuwashawishi majirani wajiunge, enzi zile watu walipoamini waya ule utavuta radi. Shirika likampa cheo cha Mteja Mwaminifu. Faida ya cheo hicho aliielewa baadaye: wateja wapya walipewa kasi mpya, na waaminifu wakaachiwa ya zamani, kwa kuwa walikwisha kuizoea.

Ndipo siku moja Zawena akapiga simu na habari yake. Amepata mchumba, mtu wa heshima, na nikaha itakuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa za alasiri kwa nyumbani.

"Shehe wa huku amekubali uonekane kwenye skrini, baba. Uniozeshe kwa mdomo wako."

"Kwani shehe hawezi kuniwakilisha? Mimi na maneno wapi na wapi."

"Anaweza. Ila mimi nataka nikusikie wewe."

Mbaruku alitema misumari siku hiyohiyo. Kila jioni baada ya kazi alisimama mbele ya kioo cha kabati la marehemu mkewe akifanya mazoezi ya maneno atakayosema. Yalikuwa machache, lakini alitaka yatoke bila kukwama. Akikosea alianza upya. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alimsikia akinong'ona, akadhani mwenzake ameanza kuzeeka.

Sasa, mwezi huohuo mkataba wake na Mawimbi ulikuwa unaisha. Mbaruku akapiga moyo konde: hawezi kumwoza mwanawe kwa picha inayoganda. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kampuni mpya, Kasi Njema, na alikwisha kuona kwa macho yake kinyozi akizungumza na kaka yake aliye ughaibuni, midomo na sauti vikienda pamoja. Akaona auache mkataba uishe salama, ahamie huko. Alidhani mkataba ukiisha umeisha. Alikuwa fundi, si mwanasheria.

Alipofika kaunta ya Mawimbi na kuanza kueleza, mhudumu aliziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mzee, usiniambie. Ukiniambia utakuwa umesema."

"Nataka tu kujua, mkataba wangu umeisha, nifanye nini?"

"Hilo sijalisikia, kwa faida yako," alisema mhudumu kwa huruma. "Ila kama kuna mtu angeuliza, ningemjibu hivi. Mkataba wa Mteja Mwaminifu hauishi. Hukomaa. Ukishakomaa, mteja anayetaka kuondoka huleta msemaji wake tukae kitako kama watu wenye asili. Na kuanzia pale nia yake ilipojulikana, mtandao wake na simu yake vinapumzishwa."

"Vinapumzishwa mpaka lini?"

"Mpaka shauri liishe. Ni Sheria ya Staha, mzee. Mtu yumo katika kuachana, atatumiaje mtandao wa yule anayemkataa? Wala wa jirani, wala wa kampuni nyingine. Watu watasemaje?"

Nia ya Mbaruku ilikwisha kujulikana. Alirudi nyumbani akakuta taa ya kisanduku nyekundu na simu yake haina hata mlio. Alivuka barabara hadi Kasi Njema, nao wakamweleza kwa tabasamu kwamba hawapokei mteja asiye na ruhusa ya kuachwa kutoka alikotoka. Wao pia ni watu wenye asili.

Jirani wa ukuta kwa ukuta niliyemtaja aliitwa Nasibu Chande. Kwa kazi alikuwa mshereheshaji wa harusi, naye alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Urafiki wao na Mbaruku ulikuwa wa miaka mingi. Walikula sahani moja, na siku Bi Asya alipofariki, Nasibu ndiye aliyepokea wageni, akaomba dua, akamsemea mfiwa ambaye hakuweza kusema. Hata mtandao wa Mawimbi Nasibu aliunganishiwa kwa kushikwa mkono na Mbaruku. Kwa hiyo Mbaruku hakuhitaji kufikiri. Alikwenda akagonga mlango, akaketi, akasema, "Nisemee."

"Umefika," alisema Nasibu. "Zawena si mwanangu? Nitawasema mpaka wao wenyewe wakubebee kisanduku hadi Kasi Njema."

Sheria ilitaka mteja amkabidhi msemaji wake kauli mbele ya mashahidi wawili. Mbaruku akaapa pale barazani: atakachosema huyu, nimekisema mimi. Kwa mtu wa maneno machache ilikuwa nafuu kubwa kuyatua yote kwa mara moja.

Kikao kilifanyika katika Ukumbi wa Maridhiano wa Shirika. Mikeka ilitandikwa, sinia la tambuu likawekwa katikati, na ukutani kulikuwa na picha ya Waziri wa Uvumilivu na Mawasiliano akiwa amefunga mdomo, kama mfano kwa raia. Upande wa Shirika aliongoza Bi Ruzuna, Mkuu wa Kitengo cha Kubembeleza, mwanamke mnene wa sauti tamu, na nyuma yake wasaidizi wanne ambao kazi yao ilikuwa kuitikia.

"Tumekuja kwa unyonge," alianza Bi Ruzuna. "Tuna mwenzetu kanuna. Hatujui tumemkosea nini. Kama ni picha kuganda, picha iliganda kwa mapenzi. Ilitaka amtazame mwanawe kwa utulivu."

"Kwa utulivu," waliitikia wasaidizi.

Nasibu alijibu, na kwa haki alianza kwa kishindo. Alisema mwenzake ni mtu mzima, hachezewi. Alisema kuna ndoa mbele, na baba asiyeonekana kwenye ndoa ya mwanawe ni aibu ya taifa zima. Alisema ya kusema mpaka msaidizi mmoja akasahau kuitikia. Mbaruku aliinamisha kichwa, na moyoni akamshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye mdomo.

"Maneno mazito," alisema Bi Ruzuna akimsogezea Nasibu bilauri ya maji. "Nayo yananikumbusha jambo. Shirika lina utaratibu mpya. Msemaji anayemrudisha mteja wake nyumbani hupandishwa daraja. Yeye mwenyewe hufungiwa mtandao wa Kasi ya Dhahabu, siku hiyohiyo, na huitwa kusema katika hafla zote za Shirika, mjini na mikoani. Nalitaja tu, lisije likasahaulika."

Sisemi kwamba maneno hayo yalimbadilisha Nasibu. Nasema tu kwamba alikunywa maji yale yote, taratibu, akaitua bilauri, na aliporudi kusema sauti yake ilikuwa imelainika.

"Hata hivyo," alisema, "mwenzangu ni mtu wa hasira za karibu. Anakiri kwamba aliharakisha."

Mbaruku aliinua kichwa.

"Anakiri kwamba mkubwa hakosi, hukosewa. Anasema Kasi Njema alikwenda kwa kupotoshwa. Anaomba mkataba wake usikomae tena, maana kukomaa kumemletea fitina. Anaomba uwe wa maisha."

Mbaruku alijaribu kunasa jicho la rafiki yake. Nasibu alikuwa akiitazama picha ya Waziri. Mbaruku akashika goti la mwenzake, akaliminya. Nasibu akalisogeza goti. Neno lilimfika Mbaruku kooni, lakini pale ukutani palikuwa na tangazo kubwa la kuwakumbusha wateja kwamba anayesema anafutiwa shauri, na akifutiwa shauri mtandao hautarudi kabla ya Ijumaa. Akakohoa.

"Mteja amekohoa," alisema msaidizi mmoja kwa wasiwasi.

"Kukohoa si kusema," alisema Bi Ruzuna. "Basi amenyamaza. Na mwari akiulizwa akanyamaza, tunasemaje?"

"Karidhia," waliitikia wote, na Nasibu pamoja nao.

Nje ya ukumbi Mbaruku alimshika rafiki yake mkono. "Nasibu, umewapa nini watu wale?"

"Nimewapa maneno, ndugu yangu. Maneno ni ya bure." Nasibu alicheka. "Hiyo ndiyo mbinu. Unamlegeza kwanza. Mtandao wako utarudi kabla ya Ijumaa, na ukisharudi umwoze mwanao, hayo ya mkataba tutayavunja polepole."

"Kuna gari la kwenda mpakani Alhamisi. Dada yangu yuko ng'ambo ya pili, na kule mtu anaruhusiwa kuzungumza. Bora niende nikamwozee huko."

"Usiende," alisema Nasibu upesi. "Ukitoka nje ya nchi shauri limevunjika, utaniharibia kazi yote. Mbona huniamini? Nani alikusemea siku ya Asya?"

Jina hilo lilimmaliza Mbaruku. Alimwambia mwenye gari aende salama, akabaki.

Ijumaa alioga mapema, akavaa kanzu aliyoipiga pasi mwenyewe, akajifukiza udi kidogo na kuketi mbele ya skrini. Taa ya kisanduku ilikuwa nyekundu. Adhana ya alasiri ikapita, watu wakatoka msikitini, taa ikabaki vilevile. Alikizima kisanduku, akakiwasha. Alikipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Ndipo akasikia harufu ya pilau ikiingia dirishani, akachungulia nje.

Majirani walikuwa wakiingia kwa Nasibu. Wanaume na kanzu, wanawake na khanga mpya, wengine wamebeba zawadi. Walipomwona dirishani walimpungia kwa furaha, na mwenye duka la nafaka akamwambia, "Hongera, mzee. Mungu awape maelewano." Mbaruku alitoka bila viatu.

Mlangoni kwa Nasibu walikaa wakaguzi wawili wa Staha, kila mmoja na sahani yake. Mmoja alisimama kwa adabu, akajifuta mafuta midomoni.

"Mzee, samahani, huingii."

"Anaolewa mwanangu humo."

"Tunajua. Na wewe uko ndani tayari." Mkaguzi alionyesha kwa kidole, na Mbaruku akaona kupitia dirishani mgongo wa Nasibu, koti la sherehe, na mbele yake skrini kubwa. "Yule pale ndiye wewe, kwa kauli yako mwenyewe na mashahidi wawili. Mtu haingii mara mbili. Tutakuhesabu vipi?"

Ndani ya skrini ile alikuwamo Zawena. Hakuganda. Alitikisa kichwa na ushungi ukatikisika naye wakati huohuo, na Mbaruku, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumwona mwanawe akisogea hivyo, akasahau kwa muda kugombana. Kisha akasikia sauti ya Nasibu ikimwambia binti kwamba baba yake yupo, ni mzima, ila machozi yamemshinda na ameona aibu kulia mbele ya wakwe. Na kwamba maneno yatakayofuata si ya Nasibu hata moja, ni ya baba, neno kwa neno.

Mbaruku aliita, "Zawena." Ndani mtu akaongeza sauti ya kipaza. Nasibu akaanza kuoza, na alioza kama alivyojaliwa. Alisema ya mito na vyanzo vyake, ya nyota na usiku unaozilea, na wageni wakavuta kamasi. Vigelegele vilipopasuka, baba wa bibi harusi alikuwa amesimama barazani miguu mitupu, na mkaguzi mmoja alimpa kipande cha nyama.

Wageni walipopungua Nasibu alitoka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Alimkumbatia Mbaruku kwa nguvu.

"Ndugu yangu," alisema, "leo umezungumza vizuri sana."

Mbaruku alijitoa mikononi mwake. "Ulijua tangu siku ya kikao?"

"Nilijua shauri lako halitafungwa kabla ya Ijumaa, na mmoja wetu tu ndiye atakayekuwa na mtandao. Nikasema heri mimi kuliko mtoto akose mtu."

"Gari la mpakani lilikuwepo. Kwa nini ulinizuia?"

Nasibu alitazama mlango wake. Ndani taa ya Kasi ya Dhahabu ilikuwa ikimetameta. "Ungekwenda, shauri lingevunjika," alisema. "Nami ningekosa daraja."

"Shirika lilinidhulumu miaka yote, sikulia," alisema Mbaruku. "Lile silijui wala halinijui. Wewe uliingia kaburini kumlaza mke wangu."

Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akakaa kwenye kochi la mteja ambalo halijavalishwa kitambaa, na akalia kwa uchungu wa mtu aliyeuzwa na ndugu yake.

Lakini Shirika la Mawimbi halina ukatili. Kabla ya magharibi taa ya kisanduku iligeuka kijani, na ujumbe ukatangulia kwenye skrini: kwa kuthamini mkataba wake wa maisha, na kwa kuwa leo ni siku yake ya furaha, Shirika linamzawadia jioni moja ya Kasi ya Dhahabu. Simu ikaita papo hapo. Ilikuwa Zawena, na hina yake, uso mzima umejaa furaha, na picha safi mpaka Mbaruku aliweza kuona kovu dogo la utotoni juu ya nyusi.

"Baba. Umeacha kulia?"

"Nimeacha."

"Mimi sijaacha. Sikujua kama una maneno kama yale. Siku zote nilidhani hunisemeshi kwa kuwa huna la kuniambia." Alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Kumbe yote yalikuwemo. Pale uliposema mama hakuondoka, kasogea tu akupishe uniozeshe. Baba, pale nilikufa."

Mbaruku alitazama ukuta wa jirani. Nyuma yake Nasibu alikuwa akihesabiwa vyombo na wapishi, akicheka. Kumwambia binti ukweli ilikuwa kazi ya sentensi moja, na siku hiyo Mbaruku angeiweza. Lakini aliona mkono wenye hina umekaa kifuani, umeshikilia maneno yale yasimtoke.

"Yalikuwa yako kweli, siyo? Si Mzee Nasibu kayatia chumvi?"

"Yalikuwa yangu," alisema Mbaruku.

"Basi yarudie, baba. Yale ya mama tu. Mume wangu alikuwa chumba cha wanaume, hakuyasikia vizuri. Huyu hapa, anakuja."

Kijana wa watu akasogea, akasalimia kwa heshima, wakakaa bega kwa bega wakimngoja. Mbaruku akakaa wima. Maneno ya Nasibu hakuwa nayo. Barazani alikuwa amesikia mito na nyota tu, mengine yalimezwa na kipaza. Alikuwa na yake, yale ya mbele ya kioo cha kabati, na yalitoka yote bila kukwama.

"Zawena ni mwanangu, nimekupa. Hapendi kulala na njaa. Mama yake alikuwa akimwekea mkate chini ya kawa, mimi nilijifanya sioni. Nawe umwekee."

Mtandao haukuganda hata kidogo. Aliwaona wawili wale wakitazamana, kisha akamwona mwanawe akitabasamu, kwa upole, kama anavyomtabasamia mgonjwa wake.

"Si hayo, baba," alisema Zawena. "Yale mazuri."